Siku 30 na arobaini: uchambuzi wa kisa cha cheti cha kifo kilichovuka mto Pangani

Majina, tarehe kamili, kijiji, mtaa na ofisi zimeondolewa. Siku zimehesabiwa tangu siku ya kifo, ambayo hapa ni siku 0. Jina la kwanza la marehemu limebadilishwa, ila tumechagua jina lenye utata ule ule, maana utata huo ndio nusu ya kisa chenyewe.

## Usuli

Marehemu alikuwa mzee wa miaka sabini na ushee, mkazi wa moja ya kata za Ngamiani, Tanga mjini. Alistaafu kwenye shamba la mkonge, akawa anapokea pensheni ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mwezi kupitia akaunti ya benki. Aliacha mke, watoto wanne, nyumba moja ya vyumba vya kupangisha na fedha kidogo benki. Mtoto wa mwisho alikuwa amemaliza kidato cha sita na anajiandaa kuomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu.

Familia hii haikuwa na ugomvi. Tunalisema mapema kwa sababu kila cheti kikichelewa watu hudhani kuna ndugu anaficha kitu. Hapa wote walikuwa kitu kimoja, na bado cheti kilichukua siku 55.

Jambo la pili la kujua ni majina yake. Kwenye kadi ya NSSF, kwenye karatasi za nyumba na kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto aliandikwa Athumani. Kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, na kwa hiyo kwenye akaunti ya benki na laini ya simu, aliandikwa Othman. Kwa mtu wa pwani hayo si majina mawili: ni jina moja, mtu kalisema kwa ulimi wa nyumbani au kalisoma kama lilivyo kwa Kiarabu. Kwa karani na kwa kompyuta, hao ni watu wawili. Mtaani, juu ya hayo yote, alijulikana kwa jina la utani tu.

## Usiku wa kifo na karatasi ya kwanza

Mzee alikwenda kutembelea ndugu katika kijiji kimoja wilaya ya Pangani, upande wa kusini wa mto. Alhamisi, saa 4 usiku, alianguka baada ya chakula. Walimkimbiza zahanati ya kijiji. Mganga alikuta ameshakata roho, akaandika jambo hilo kwenye daftari lake: tarehe ya Alhamisi, saa, jina kama lilivyotajwa na waliomleta. Hakukuwa na ajali wala shaka ya jinai, kwa hiyo polisi hawakuhusika.

Familia iliamua azikwe Tanga, na azikwe baada ya sala ya Ijumaa. Ilibidi maiti ivuke na kivuko asubuhi, kisha ipande gari hadi mjini, yapata kilomita 50. Kusafirisha maiti bila karatasi ni kutafuta kusimamishwa njiani, na makaburini pia mtu anaweza kuulizwa kibali cha mazishi. Mpwa wa marehemu akagonga mlango wa mtendaji wa kijiji alfajiri.

Kifo kikitokea hospitali, kituo chenyewe hujaza tangazo la kifo. Kikitokea nyumbani, anayepokea taarifa na kujaza ni mtendaji wa eneo kilipotokea. Mtendaji huyu alifanya kazi yake kwa taa ya simu, kwa kuuliza na kuandika. Jina? Mpwa alisema Athumani, ndivyo alivyomjua mjomba wake tangu utoto. Kitambulisho kilikuwa Tanga, kabatini. Alifariki lini?

"Usiku wa Ijumaa."

Mpwa hakukosea. Kwa hesabu ya pwani siku huanza jua likitua, na Alhamisi saa 4 usiku ni usiku wa Ijumaa. Mtendaji, kwa hesabu ya ofisi, alisikia Ijumaa na akaandika tarehe ya Ijumaa. Wote wawili walikuwa sahihi, karatasi ikawa na kosa.

Maziko yalikwenda vizuri. Karatasi ilikaguliwa mara moja njiani, ikakunjwa mara nne na kusukumwa kwenye droo ya gari la kukodi. Ilipatikana wiki moja baadaye kwa sababu tu dereva ni mtu wa mtaa ule ule. Ilikuwa imelowa marashi ya mawaridi upande mmoja, na muhuri umeacha kivuli chake cha bluu kwenye kila mkunjo.

## Kusubiri

Mjane alikaa eda, miezi 4 na siku 10. Yeye ndiye aliyejua kila karatasi ya mumewe ilipo, na kwa desturi ya nyumba ile hakutoka. Kazi ya ofisi ikamwangukia binti mkubwa, mwalimu, ambaye alikuwa na ruhusa ya siku chache tu.

Siku ya 12 binti alikwenda ofisi ya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ya wilaya hapo hapo Tanga. Alibeba tangazo la kifo, kitambulisho chake na barua ya mtendaji wa mtaa wanakoishi. Alijibiwa kwa upole kwamba kifo husajiliwa katika wilaya kilikotokea. Makazi ya marehemu ni Tanga, kaburi liko Tanga, familia iko Tanga, lakini roho imetoka Pangani. Basi ni Pangani.

Hapo ndipo uamuzi wa gharama kubwa zaidi ulipofanyika, na ulifanyika bila mtu kuuona kuwa ni uamuzi. Familia ilisema: tusubiri arobaini ipite, kisha twende Pangani tukiwa tumetulia. Zilikuwa zimebaki siku 18 ndani ya muda wa sheria. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Arobaini ni siku 40. Mwenye kungoja arobaini ameshachelewa kabla hajavaa viatu.

Kisomo kilifanyika Jumapili, siku ya 38, ili ndugu wa mbali wapate nafasi. Alasiri yake kikakaa kikao cha ukoo. Walimteua binti mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, wakaandika muhtasari, kila mmoja akatia sahihi. Muhtasari ulimtaja marehemu kwa jina la Athumani na tarehe ya kifo ya Ijumaa, kama ilivyo kwenye tangazo.

## Pangani, mbele ya meza

Siku ya 41, Jumatano, binti alifika ofisi ya msajili wa wilaya Pangani asubuhi. Kwa kawaida ofisi ya RITA ya wilaya huwa kwenye jengo la Mkuu wa Wilaya. Watu wengi huanzia halmashauri au kata, na wana sababu: upo mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kupitia zahanati na ofisi za kata, kwa hiyo mtu anadhani cheti cha kifo nacho hutoka huko. Kata na kijiji hutoa tangazo na barua. Cheti hutoka kwa msajili.

Kwa kuwa siku 30 zilikwisha pita, aliombwa zaidi ya kile ambacho angeombwa mapema: tangazo la kifo, barua ya mtendaji wa eneo la tukio, kitambulisho cha marehemu, kitambulisho chake mwenyewe, na uthibitisho wa uhusiano, yaani cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la baba. Ada ya aliyechelewa nayo si ile ya aliyewahi.

Alikuwa navyo vyote. Ofisa alivipanga mezani kama mtu anayepanga karata. Tangazo: Athumani, Ijumaa. Kitambulisho cha NIDA: Othman. Cheti cha kuzaliwa cha binti: baba, Athumani. Barua ya mtendaji wa mtaa wa Tanga, ambaye aliambiwa habari kwa simu usiku ule ule: Alhamisi.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kusajili kama tangazo linavyosema, cheti kitoke haraka, na tofauti zifuatwe baadaye kwa maombi ya marekebisho. Ya pili, kurudi kwa aliyeandika tangazo, lirekebishwe kwanza, ndipo lisajiliwe.

Binti alitaka ya kwanza. Ruhusa yake ya kazi ilikuwa inakwisha. Ofisa alimshauri ya pili, na ushauri huo ndio uliookoa miezi. Tangazo la kifo ni karatasi ya kijiji: aliyeiandika yupo, anaweza kuifuta na kuandika nyingine kwa barua ya maelezo. Kikishaingia kwenye rejista na cheti kikatoka, kosa limekuwa kumbukumbu ya serikali. Kuliondoa hapo kunataka maombi mapya, kiapo, ada na subira, na kila nakala iliyokwisha sambazwa inabaki na kosa la zamani.

## Ng'ambo tena

Alivuka na kivuko mchana. Mtendaji alikuwa kwenye kikao cha kata, kwa hiyo alilala kwa ndugu. Siku ya 42 asubuhi walikaa naye barazani kwake na karatasi zote.

Kuhusu tarehe, mtendaji hakukubali kubadilisha kwa maneno tu, na alikuwa na haki. Alimtuma binti zahanati. Mganga alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa, akatoa barua fupi: marehemu aliletwa Alhamisi saa 4 na dakika kadhaa usiku, ameshafariki. Mstari huo mmoja ndio ushahidi pekee wa tarehe uliokuwepo ulioandikwa usiku wenyewe, na mtu asiyekuwa na haja binafsi na jibu. Laiti wasingempeleka zahanati, wangebaki na maneno ya wanafamilia dhidi ya karatasi yenye muhuri.

Kuhusu jina, swali lilikuwa gumu zaidi: liandikwe lipi?

Hoja ya Athumani ilikuwa nzito. Nyumba, NSSF na vyeti vya watoto wanne vyote vilisema Athumani. Hoja ya Othman ilikuwa kitambulisho cha taifa, benki na simu. Walichagua Othman, kwa sababu tatu zilizoandikwa na binti kwenye daftari lake. Ofisi ya usajili inamtambua marehemu kwa kitambulisho chake, na hicho kinasema Othman. Benki ndiyo ngumu kuliko wote kuhusu herufi, na fedha za kuendesha nyumba zilikuwa huko. Na jina likifanana na NIDA, yeyote atakayehakiki baadaye ana kitu cha kulinganisha nacho kinachotoka serikalini.

Tunakubaliana na uamuzi huo, ingawa haukuwa wa bure. Ulimaanisha kila mlango wenye jina la Athumani utahitaji maelezo. Lakini maelezo hayo huandikwa mara moja, kwenye kiapo, na kiapo kimoja hunakiliwa kwa milango yote.

Mtendaji alifuta tangazo la kwanza kwa mistari miwili na neno "limefutwa", akaliambatanisha na jipya, akaandika barua kwa msajili akieleza kwa nini. Kitendo cha kuambatanisha la zamani ni kizuri sana, na wengi hawakifanyi. Tangazo la zamani likibaki mkononi mwa mtu, ipo siku litatokea mahali pengine likiwa na muhuri safi, likipingana na cheti.

## Maombi, malipo, cheti

Siku ya 43 maombi yaliwasilishwa Pangani. Taarifa ziliingizwa kwenye mfumo wa eRITA, nyaraka zikapakiwa zikiwa zimeskaniwa, mfumo ukatoa kumbukumbu namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba. Alilipa kwa simu. Hakuna senti iliyopita mezani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Anayeomba fedha mkononi "akusaidie kulipia" anatakiwa kuachwa hapo hapo.

Kabla ya kubonyeza, ofisa alimgeuzia kioo cha kompyuta asome mwenyewe. Alisoma herufi kwa herufi: hakuna "u" ya mwisho kwenye Othman, jina la babu lina "dh" na si "z", namba ya mwezi ni ya mwezi husika. Alikuta kosa moja, umri. Lilirekebishwa kwa nukta chache. Baada ya kubonyeza, kosa lile lile lingekuwa safari nyingine ya Pangani.

Cheti kilikuwa tayari siku ya 55.

## Nakala, kiapo na milango iliyofuata

Watu husema "nipe vyeti vitano vya kifo" kama mtu anayeagiza maandazi. Cheti ni kimoja. Kinachosambazwa ni nakala zilizothibitishwa: kivuli cha cheti kinachogongwa muhuri na wakili au kamishna wa viapo, baada ya kuona cheti halisi kwa macho, akaandika kuwa ni nakala ya asilia, akatia sahihi na tarehe. Anayegonga bila kuona halisi anakuuzia wino.

Binti alitoa nakala sita: mahakama, NSSF, benki, kampuni ya simu, mtoto wa HESLB, na moja ya akiba. Halisi aliiweka kwenye bahasha ngumu, bila kuipiga laminesheni, jambo alilokatazwa na wakili. Cheti kilichofungwa plastiki hakigongeki wala hakikaguliki vizuri, na baadhi ya meza hukikataa. Alikwenda na halisi kila ofisi ili kionwe, akarudi nacho kila mara.

Kiapo cha majina kilifuata. Aliye hai hurekebisha majina yake kwa kuapa mwenyewe. Marehemu hawezi, kwa hiyo anaapa anayemjua. Familia ilitaka binti aape, kwa kuwa ndiye anayezunguka. Wakili alipendekeza mdogo wake marehemu, na sababu yake ni nzuri: muapaji husema anayoyajua yeye mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja anaweza kusema "nimemjua kwa majina yote mawili tangu utotoni." Binti anaweza kusema tu ameyaona kwenye karatasi. Kiapo kilitaja majina yote kwa ukamilifu, kila hati na namba yake, na kusema kuwa ni mtu mmoja.

Muhtasari wa kikao cha ukoo ulibidi uandikwe upya. Ndugu kumi na mmoja walikuwa wameshatawanyika hadi Lushoto na Dar es Salaam. Kukusanya sahihi upya kulichukua muda mrefu kuliko cheti chenyewe.

Mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya Tanga, si Pangani, na hapo familia ilishangaa kwa mara ya pili. Cheti hufuata mahali mtu alipofia; mirathi hufuata mahali alipokuwa akiishi. Kwenye maombi, jina la marehemu liliandikwa yote mawili kwa alama ya @ katikati, kama mahakama zetu zinavyofanya kwa mtu mwenye majina zaidi ya moja. Alama hiyo ndogo ina kazi kubwa: fomu ya uteuzi wa msimamizi, Fomu Namba 4, inapotoka ikiwa na majina yote mawili, benki inaona Othman na mwenye rejista ya nyumba anaona Athumani, kila mmoja ameridhika na jina analolijua. Kutoka tarehe ya uteuzi, msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na hesabu za ugawaji.

## Matokeo

Benki ilifungua fedha bila swali la jina. NSSF iliuliza swali la jina na kuridhika na kiapo. Lakini kulikuwa na deni lisilotarajiwa: kwa kuwa NSSF haikujulishwa kifo kwa karibu miezi miwili, pensheni iliendelea kuingia kwenye akaunti, na kijana mmoja wa nyumbani aliyekuwa na kadi alikuwa ameitoa kwa matumizi ya msiba. Fedha hizo zilihesabiwa na kukatwa. Haikuwa wizi, yalikuwa mazoea: kadi ya baba ilikuwa ikitumwa dukani tangu zamani.

Mtoto wa mwisho aliwahi. HESLB hutaka cheti cha kifo cha mzazi kiwe kimehakikiwa na RITA, na uhakiki huo hufanywa mtandaoni. Cheti cha kijana kilisema baba ni Athumani, cheti cha kifo kilisema Othman. Aliambatanisha kiapo. Cheti kilipita uhakiki, maombi yakaenda, siku chache kabla ya dirisha kufungwa.

Nyumba, hadi kisa hiki kinaandikwa, bado haijahamishwa jina.

## Uchambuzi

Aliyeharibu hayupo. Hakuna ofisi iliyofanya uzembe hapa, na hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kiwe na faida kuliko vile vya "karani alinizungusha." Makosa yote makubwa yaliingia ndani ya saa nane za kwanza, kati ya saa 4 usiku na alfajiri, na yaliingizwa na mtu mwenye nia njema aliyekuwa amechoka. Baada ya hapo kila ofisi ilinakili tu.

Tuanze na tarehe, maana ni mtego wa pwani hasa. Mtu akifa kati ya magharibi na usiku wa manane, usitumie jina la siku kabisa mbele ya mwandishi wa tangazo. Usiseme usiku wa Ijumaa, usiseme Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa. Ukishasema hivyo umemkabidhi mwenzio kazi ya kufasiri. Sema tarehe kwa namba na saa, na umwombe aandike vyote viwili. Akifa baada ya saa 6 usiku, tarehe ya ofisi imeshageuka, na hapo mara nyingi familia hukosea kwa upande wa pili: huandikisha tarehe ya jana yake kwa sababu hawakulala. Simu zina saa. Simu ya kwanza iliyopigwa kutoa habari ya msiba ni kumbukumbu nzuri ya kujikagua nayo kabla ya kufika kwa mtendaji.

Jina ni suala la kitambulisho kuwa mbali. Kama mtu mmoja Tanga angefungua kabati usiku ule na kupiga picha ya kadi ya NIDA, pande zote mbili, akaituma kwa simu, mpwa angemwonyesha mtendaji na tangazo lingeandikwa sahihi mara ya kwanza. Mjane alikuwa macho, kabati lilikuwa chumbani kwake. Hakuna aliyemwomba, kwa sababu aliyekwenda kwa mtendaji hakujua kuwa anachokitaja pale ndicho kitakachosomwa benki. Alidhani anaomba ruhusa ya kupita kivukoni.

Kuhusu eda, familia iliamua kwa desturi na haikumuuliza shehe. Wanazuoni wengi wanaruhusu mjane kutoka mchana kwa haja. Lakini hata bila kutoka, angeweza kuwa mkuu wa karatasi akiwa ndani: kutoa nyaraka, kusoma majina, kusahihisha rasimu ya muhtasari. Badala yake watoto walikuja kumwuliza baada ya kila kikwazo, si kabla. Kumwacha mjane apumzike ni adabu. Kumwacha nje ya habari ambazo yeye pekee anazo ni jambo jingine.

Kilichofanya kazi vizuri ni kurekebisha chini kabla ya kupanda juu. Binti alipoteza siku mbili ng'ambo ya mto na akapata kila kitu kwa mtu mmoja, mwenye mamlaka ya kufuta alichokiandika. Kipimo chetu kwa wanaouliza ni hiki: kabla ya usajili, rudi kwa mwandishi, baada ya usajili, nenda kwa msajili, usichanganye. Tumeona watu wakipeleka kiapo kwa msajili kurekebisha kosa ambalo mtendaji angelifuta kwa dakika kumi, na tumeona wengine wakimsumbua mtendaji abadilishe tangazo ilhali cheti kimeshatoka, jambo ambalo halibadilishi chochote kwenye rejista.

Uamuzi wa siku ya 12 ndio tungeubadilisha kwanza. Safari ya Pangani ni asubuhi moja kwa basi. Ingefanyika siku ya 13, tofauti za jina na tarehe zingegunduliwa siku ya 13, muhtasari wa kikao ungeandikwa ukiwa na jina na tarehe sahihi mbele ya ndugu wote kumi na mmoja wakiwa kwenye mkeka mmoja, na kusingekuwa na kufuatilia sahihi hadi Lushoto. Faini ya kuchelewa si ile ada iliyoongezeka, hiyo ni ndogo. Faini ni kwamba vikao vya ukoo hufanyika mara moja, na vilifanyika wakati karatasi bado ni mbovu. Tangu kisa hiki tunawashauri wanaopanga kisomo cha arobaini waweke na siku nyingine kwenye kalenda ya msiba: siku ya 20, mtu mmoja awe ameshafika kwa msajili wa wilaya ya tukio. Shehe wa mtaa mmoja ameanza kulitangaza hilo kwenye khitma, baada ya dua na kabla ya chai, na watu wanamsikiliza kuliko tangazo lililobandikwa ukutani.

Muhtasari wenyewe una kosa jingine ambalo halikuwaumiza safari hii. Waliuandika kwa peni, nakala moja, kwenye daftari la shule. Ukihitajika upya hakuna pa kunakili. Ingekuwa heri waandike kwanza rasimu yenye jina kama lilivyo kwenye cheti, wapige chapa, watoe tatu, kila mmoja asaini zote tatu.

Pensheni haihitaji cheti ili isimamishwe. Kutoa taarifa ya kifo kwa mfuko na benki ni jambo la wiki ya kwanza, na unaweza kwenda na tangazo la kifo. Cheti kinakuja baadaye kwa ajili ya mafao ya warithi. Familia nyingi huona kutoa taarifa mapema ni kujinyima fedha za mwezi. Hapa fedha hizo zilirudishwa zote, na kijana wa kadi alilia mbele ya wajomba kwa kosa ambalo hakujua ni kosa.

Limebaki la nyumba. Karatasi zake zinasema Athumani na jina la baba, bila jina la babu. Kiapo kilitaja majina matatu matatu, kwa hiyo mwenye rejista anauliza kama huyu wa majina mawili ndiye yule. Wakili anaandaa kiapo cha pili, na mdogo wake marehemu, ambaye sasa naye hajisikii vizuri, ameombwa asaini kabla ya mfungo.